Mwalimu mkuu mgeni, shule ya wenyeji: uongozi wa shule katika kijiji cha Wayupik

Kazi ya mwalimu mkuu katika kijiji cha Wayupik, watu wa asili wa kusini-magharibi mwa jimbo la Alaska, Marekani, haieleweki vizuri kwa mtu anayeanzia kwenye mtaala na mitihani. Huanza kueleweka mtu anapouliza ni nani anayebaki. Walimu wengi wanaoajiriwa kutoka majimbo mengine ya Marekani, na siku hizi kutoka Ufilipino, hukaa kwa muda mfupi kisha huondoka, na sisi wakuu wa shule tuliotoka mbali mara nyingi hatuwazidi kwa kudumu. Wanaobaki ni wasaidizi wa walimu, mpishi, fundi wa mitambo na karani wa ofisi, ambao kwa kawaida ni wazaliwa wa kijiji. Kwa sababu hiyo uamuzi wowote ninaoufanya naupima kwanza kwa kujiuliza kama utaweza kuendelea mikononi mwao nitakapokuwa nimeondoka.

Eneo lenyewe ni delta ya mito ya Yukon na Kuskokwim, nchi tambarare yenye maziwa yasiyohesabika, ambako majengo husimamishwa juu ya nguzo kwa kuwa udongo wa chini umeganda mwaka mzima. Kitovu chake ni Bethel, mji ulioko takriban kilomita 640 magharibi mwa Anchorage, usio na barabara yoyote ya kuuunganisha na sehemu nyingine za jimbo. Kutoka hapo mtu huenda kijijini kwa ndege ndogo, kwa mashua wakati wa joto, au juu ya mto wenyewe ukishaganda. Mafuta ya jenereta na boila huletwa kwa tishari kabla ya barafu kufunga njia, kwa hiyo ukaguzi wa matangi unaingia katika majukumu ya mwalimu mkuu sawasawa na ukaguzi wa maandalio ya masomo.

Msomaji wa Afrika Mashariki huenda akashangaa kwamba kuwapo kwa shule ya sekondari kijijini kulipiganiwa mahakamani. Hadi miaka ya 1970, mtoto wa Kiyupik aliyemaliza masomo ya msingi kwa kawaida alilazimika kuhama ili aendelee, akipelekwa katika shule za bweni kama Mt. Edgecumbe iliyoko Sitka au Chemawa iliyoko mbali zaidi, Oregon. Mwaka 1972 ilifunguliwa kesi iliyobeba jina la Molly Hootch, msichana wa kijiji cha Emmonak, na mwaka 1976 serikali ya jimbo ilikubali kwa maridhiano kujenga shule za sekondari katika vijiji 126 vilivyostahili, kila kijiji kikiwa na hiari ya kuikataa. Kwetu Afrika Mashariki bweni ni jambo la kawaida, na wazazi wengi hulihesabu kuwa bahati. Kwa familia za huku lilimaanisha mtoto kukua mbali na lugha yake na mbali na watu ambao wangemfundisha kuvua na kuwinda. Bibi na babu waliopitia hayo bado wanahudhuria mikutano ya shule, na mwalimu mkuu asiyeijua historia hii atashindwa kuelewa kwa nini pendekezo dogo la kumhamishia mwanafunzi mjini linapokewa kwa ukimya mzito.

Jengo la shule ndilo kubwa kuliko yote kijijini, na mara nyingi lina jenereta yake na mfumo wake wa maji, ilhali katika baadhi ya vijiji nyumba nyingi hazina mabomba. Matokeo yake ni kwamba mwalimu mkuu hufanya pia kazi ya msimamizi wa jengo la umma. Mazishi hufanyika katika ukumbi wa michezo, pale pale panapochezwa mpira wa kikapu na panapochezwa ngoma za jadi. Abiria waliokwama kwa sababu ya ukungu hulala madarasani. Oktoba 2025, mabaki ya kimbunga Halong yalipoviharibu vibaya vijiji vya Kipnuk na Kwigillingok, watu walikimbilia shuleni kabla ya kuhamishwa kwa ndege. Naona ni kosa kuyaita mambo haya usumbufu kwa masomo, kama baadhi ya wenzangu wanavyofanya, kwa sababu mzazi anayeiona shule kuwa kimbilio lake humleta mtoto bila kushurutishwa.

Kalenda nayo ina wenyewe. Shule nyingi za delta hufunga mwezi Mei ili familia zijiandae kwa samaki wa samoni wanaopanda mto, na Septemba ni majira ya kuwinda kulungu wakubwa wa kaskazini. Fomu ya mahudhurio humhesabu kijana aliye mawindoni na baba yake sawa na aliyelala nyumbani, na hapa naona fomu ndiyo yenye upungufu. Ninachoweza kufanya ni kupanga mitihani mbali na wiki hizo na kukubaliana na bodi ya ushauri ya wazazi pamoja na baraza la kabila kabla ratiba haijachapishwa. Hata jikoni mambo yamebadilika: sheria ya shirikisho ya kilimo ya mwaka 2014 iliruhusu shule kupokea vyakula vya asili vinavyotolewa na wananchi, kama vile samaki na nyama ya mawindo, ingawa vile vilivyochachushwa bado havikubaliki kwa hofu ya sumu ya botulizimu.

Kuhusu lugha, maoni yangu ni thabiti kuliko katika jambo jingine lolote. Kiyupik ndicho chenye wazungumzaji wengi zaidi kati ya lugha za asili za Alaska, lakini katika vijiji vingi watoto sasa huongea Kiingereza wao kwa wao. Bethel kuna shule ya Ayaprun Elitnaurvik, iliyotokana na mpango ulioanza mwaka 1995 wa kuwafundisha watoto kwa Kiyupik tangu wanapoanza masomo. Hesabu ni mfano mzuri wa faida ya kufundisha kwa lugha hiyo: Wayupik huhesabu kwa makundi ya ishirini yaliyogawanyika kwa tano tano, kwa kufuata vidole vya mikono na miguu, na mtoto aliyezoea mpangilio huo huielewa mapema dhana ya thamani ya nafasi endapo mwalimu anajua kuutumia. Mwalimu mgeni hajui. Msaidizi wake anajua, naye kwa kawaida hulipwa mshahara mdogo kwa mbali kuliko wa mwalimu huyo.

Ndiyo maana fedha za mafunzo ninazozisimamia nazielekeza kwanza kwa wasaidizi wanaosomea ualimu kupitia tawi la Chuo Kikuu cha Alaska Fairbanks lililoko Bethel. Utafiti wa chuo kikuu cha jimbo uliotolewa mwaka 2017 ulikadiria kwamba kila mwalimu anayeondoka huigharimu wilaya ya shule zaidi ya dola 20,000 kwa wastani, na kiasi hicho kingeweza kumlipia msaidizi sehemu kubwa ya masomo yake. Ugumu uko kwenye ratiba: msaidizi anayesoma lazima apewe saa za kusoma mchana, kwa kuwa jioni ana watoto, ana samaki wa kukausha na ana wazee wa kuwahudumia. Saa hizo ninazipata kwa kuingia darasani kufundisha badala yake, na ripoti za wilaya naziandika usiku.