Tiba ya mazungumzo kwa mtu mzima mwenye anoreksia sio porojo, na haiendi bila kula

Siku hizi malalamiko kwenye kitengo chetu cha matatizo ya ulaji yamekuwa mengi na karibu yote yanafanana. Ndugu wanasema, "Nimemleta mgonjwa wangu, amekonda mpaka mbavu zinahesabika, na nyie mnakaa nae chumbani mnaongea, mnampima uzito, mnamwambia arudi wiki ijayo, sasa dawa iko wapi?" Naelewa hofu iliyo nyuma ya hilo swali, ila nimeona nijibu hapa wote msome maana kumjibu mmoja mmoja kwenye korido haitoshi.

Jamani, kidonge cha kuponya anoreksia, yaani ugonjwa wa akili unaomfanya mtu ajinyime chakula kwa kuogopa kunenepa, hamna. Mwongozo wa 2017 wa NICE, taasisi inayoandika miongozo ya matibabu Uingereza, unasema wazi kwamba dawa isitolewe kama tiba peke yake kwa ugonjwa huu. Mtu anaweza kupewa dawa kwa tatizo lingine alilonalo, hiyo ni sawa, lakini tiba yenyewe ni ya kisaikolojia, ikienda sambamba na kurudisha uzito na kuangalia hali ya mwili.

Kwa watu wazima mwongozo huo unaanza na njia tatu. Ya kwanza ni tiba ya fikra na tabia iliyotengenezwa mahsusi kwa matatizo ya ulaji, inafika mpaka sesheni 40 ndani ya wiki 40, na wiki mbili tatu za mwanzo mgonjwa anakuja mara mbili kwa wiki. Hapo anaandika kila anachokula muda uleule anapokula, sio jioni akikumbukia, na anaandika pia alichokuwa anawaza, tunapanga milo yenye saa zake, halafu pole pole tunaanza kugusa ile imani kwamba thamani yake yote kama binadamu iko kwenye mizani. Ya pili inaitwa MANTRA, ilianzia hospitali ya Maudsley kule London, kwa kawaida sesheni 20, na mimi binafsi naipenda kwa sababu haianzi kwa kubishana na mtu. Mgonjwa anaandika barua mbili kwa ugonjwa wake, moja kama anamwandikia rafiki na nyingine kama anamwandikia adui, na ile ya rafiki ndo huwa inatufundisha zaidi, maana pale unakuta ameandika kwamba wewe ndo unanifanya nijisikie salama, bila wewe sijui mimi ni nani. Sasa mtu wa namna hiyo ukimwambia "kula tu" umemsaidia nini? Ya tatu ni SSCM, yaani usimamizi wa kitabibu wenye msaada wa mtaalamu, sesheni 20 au zaidi za kila wiki, zenye elimu ya lishe na msaada kwa yale yanayomsumbua mgonjwa mwenyewe.

Watu wanauliza ipi ni bora. Utafiti wa Australia uliotoka 2017 ulizilinganisha hizo tatu kwa watu wazima 120 na hakuna iliyoziacha zingine kwa mbali. Kwa hiyo tafadhali acheni kuhamahama, sesheni nne hapa, tano kule, mnazunguka na uzito unazidi kushuka.

Na kwa nini tunang'ang'ania kula kama tiba ni ya akili? Kwa sababu akili yenye njaa haifanyi kazi sawasawa. Kule Minnesota, Marekani, mwaka 1944 na 1945, wanaume 36 wenye afya walipunguziwa chakula kwa miezi sita, na wengi wao wakaanza kuwaza chakula mchana kutwa, wakawa na hasira na huzuni, wakajitenga, na hawa hawakuwa na anoreksia. Ugumu mnaouona kwa mgonjwa wenu mkauita maringo, sehemu yake ni njaa.

Kuhusu mizani, utaratibu uko hivi na haubadiliki: mizani ileile, nguo nyepesi, viatu nje, mifuko mitupu, na anakwenda haja ndogo kwanza. Wapo wanaokunywa maji mengi kabla ya kupimwa ili namba ipande, na hiyo ni hatari kweli, chumvi ya damu inashuka na mtu anaweza kupata degedege. Tukihisi hivyo kipimo kinarudiwa na damu inachukuliwa. Hafukuzwi wala hagombezwi, ila tutaliongea kwenye sesheni. Na uzito ukizidi kushuka, au vipimo vya damu na moyo vikawa vibaya, hatuendelei na mazungumzo ya kuja na kurudi nyumbani kama kawaida, anapelekwa kulazwa.

Wazazi na wenza, mgonjwa ni mtu mzima. Alichosema chumbani hatuwaambii bila ridhaa yake hata mkikasirika, labda maisha yake yawe hatarini. Ila akiridhia mnakaribishwa sana na kazi mnayo, kukaa nae mezani, kuongea mambo mengine kabisa wakati wa kula, na kutosifia mwili. Mtu kapambana kapata kilo moja, shangazi anamwambia "sasa umejaa, umependeza", wiki inayofuata kapunguza nusu ya sahani. Hilo tunaliona mara nyingi mno.

Mgonjwa akizimia, kifua kikamuuma, mapigo ya moyo yakaenda ovyo, au akichuchumaa akashindwa kuinuka bila kushika kitu, msisubiri sesheni ya wiki ijayo, nendeni dharura siku hiyohiyo. Na kama amekaa siku nyingi karibu bila kula chochote msimshindilie chakula kingi kwa mkupuo, madini ya damu hasa fosfeti yanaweza kuporomoka na moyo ukashindwa. Anzeni na daktari apime damu kwanza, yeye ndo atasema aanze na kiasi gani na aongezewe vipi.