Pilipili haimfanyi mbwa kuwa mkali
Hapa Kirumba bado utasikia: mtilie mbwa pilipili kwenye ugali, atakuwa mkali. Si kweli. Pilipili humuunguza mdomo na tumbo, akatapika na kuharisha. Anayenguruma kwa maumivu halindi nyumba, anajihami tu.

Ila mimi naogopa zaidi mchuzi wa sato uliobaki, ule tunaodhani hauna neno. Vitunguu maji na vitunguu saumu vilivyomo huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na kuvipika hakuondoi sumu hiyo. Dalili huweza kuchelewa siku kadhaa: ufizi kupauka, mkojo wa rangi ya kahawia, kuhema. Ukiziona, muone daktari wa mifugo.

Wangu hula ugali na dagaa wa kuchemsha bila chumvi, waliooshwa mchanga. Hajalalamika.