Tangi la matumbawe Mwanza: porojo za mtaani na ukweli wake

Mwanza ukitaja tangi la samaki, kila mtu ni mtaalamu. Mvuvi wa Mwaloni ana lake, fundi vioo ana lake, na shemeji aliyewahi kuliona tangi la hoteli moja Dar ana lake pia. Kwa tangi dogo la sebuleni ushauri wa namna hiyo hauumizi sana. Ukitaka kujenga tangi la lita elfu moja, lenye matumbawe na samaki wa baharini, kwenye mji ulio zaidi ya kilomita elfu moja kwa barabara kutoka Pwani, porojo zinageuka hasara. Nimekusanya zile ninazozisikia zaidi.

"Maji si haya hapa? Tunatia chumvi tu"

Hii ndiyo inayoongoza. Ziwa liko pale chini, maji bure, chumvi dukani bei ya kutupa. Kwa hesabu hiyo bahari inatengenezwa mchana mmoja na chenji inabaki.

Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila kilo, ila chumvi yenyewe si ile ya mchuzi. Chumvi ya mezani, iwe ya Uvinza au ya kwingine, karibu yote ni sodiamu na kloraidi, pamoja na madini joto yanayoongezwa kiwandani. Ya baharini ina magniziamu, salfati, kalsiamu, potasiamu na vingine vingi kwa viwango vinavyotegemeana. Tumbawe linajenga mifupa yake kwa kalsiamu na linataka miligramu 400 hadi 450 katika kila lita. Ukiliweka kwenye maji ya ziwa yaliyotiwa chumvi ya jikoni, halina cha kujengea.

Halafu maji ya ziwa yenyewe. Ghuba ya Mwanza inapokea mbolea za mashamba na uchafu wa mji, ndiyo maana kuna majira unayaona maji ni ya kijani kabisa. Kijani hicho kinalishwa na fosfati na nitrati, vitu ambavyo mfugaji wa matumbawe anahangaika usiku na mchana kuvipunguza. Maji ya bomba yamesafishwa kwa ajili ya kunywa, sawa, lakini yana klorini, na mengi yaliyoyeyuka ndani yake hayaondoki kwa kuyaacha yakae ndooni usiku kucha.

Njia inayofanya kazi ni kuyapitisha maji ya bomba kwenye mashine ya utando, ile mafundi wanaiita RO, kisha kuyatia chumvi maalumu ya matangi ya bahari. Lita elfu moja hula kama kilo 36 hadi 38 za chumvi hiyo. Changanya kwenye simtanki safi, pampu ikikoroga, hadi kipimo cha uzito wa maji kisome 1.025 au 1.026, na uache yatulie kabla ya kuyapeleka kwenye tangi. Usimwage chumvi juu ya wanyama. Mashine ya RO kwa kawaida hutupa lita kadhaa kwa kila lita moja unayopata. Hayo yanayotupwa yafulie au yamwagilie mchicha.

Kuhusu kuagiza madumu ya maji ya bahari yaje na basi kutoka Dar: maji ya bahari yamejaa viumbe hai vidogo. Vikifungiwa kwenye dumu la joto safari nzima, vinamaliza oksijeni, vinakufa na kuoza humo humo.

"Tangi kubwa ni gumu, anza na dogo"

Kubwa ni ghali, hilo sibishi. Kwa ugumu mambo ni kinyume. Maji yanapokauka ni maji matamu yanayoondoka, chumvi inabaki. Tangi la lita 50 likipoteza lita 2 kwa siku ya upepo, chumvi inapanda kutoka 35 hadi karibu 36.5, na tumbawe limeshastuka. Tangi la lita elfu likipoteza lita 10, hupandi hata nusu ya gramu. Ni hivyo hivyo kwa joto, na kwa samaki aliyefia nyuma ya jiwe bila kuonekana. Kosa linaingia polepole, unapata siku moja au mbili za kulirekebisha. Na unapojazia maji yaliyokauka, unajazia maji ya RO yasiyo na chumvi. Wengi hujazia ya chumvi, halafu baada ya mwezi wanashangaa kwa nini kila kitu kimejikunyata.

"Kichujio ni sponji ya kunasa uchafu"

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea, basi tukae kidogo.

Samaki wanatoa amonia, hasa kupitia matamvua, na chakula kilichobaki kinaoza na kuiongeza. Amonia haionekani. Maji yanaweza kuwa maangavu kama ya chupa ya dukani huku yanaua. Wanaoiondoa ni bakteria wanaoishi juu ya mawe, mchanga na kila sehemu ngumu yenye matundu: kundi moja linaigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na lingine linaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ni nafuu. Sponji ni nyumba yao tu. Ukiitoa na kuisugua kwa maji ya bomba yenye klorini ili "iwe safi", umewaua wafanyakazi wako. Isuuze kwa maji uliyoyatoa kwenye tangi lenyewe.

Bakteria hao hawaji siku ya kujaza maji. Wanachukua kama wiki 4 hadi 6 kuzaliana vya kutosha, na muda wote huo tangi halina samaki, huku mgeni anakuuliza wako wapi. Pima amonia na nitriti. Zote zikisoma sifuri baada ya kupanda na kushuka, ndipo uanze kutia samaki, mmoja mmoja.

Sasa mfumo wenyewe. Wanaojenga matangi makubwa huweka tangi la pili chini, ndani ya kabati, lililogawanywa kwa vioo. Maji yanafurika kutoka juu, yanashuka kwa bomba hadi chumba cha kwanza penye soksi au sponji ya kunasa uchafu. Chumba cha pili kina skima: inapiga mapovu madogo sana, protini na mafuta vinanata kwenye mapovu, povu linapanda na kumwagikia kikombeni likiwa jeusi na lenye harufu ya kukufungua mafua. Chumba cha tatu ni cha mwani, wenye taa yake inayowaka usiku tangi la juu likiwa limelala. Mwani unakula nitrati na fosfati. Kila ukiukata na kuutupa, umetupa uchafu. Cha mwisho ni cha pampu ya kurudisha maji juu. Upungufu wa maji yaliyokauka unaonekana kwenye chumba hiki, kwa hiyo boya la kujazia linakaa hapo.

Kosa la kawaida la fundi ni kusahau umeme ukikatika kutatokea nini. Chukua tangi la sentimita 200 kwa 70, kina 70, yaani lita 980. Kila sentimita moja ya kina chake ni lita 14. Pampu ikisimama, bomba la kurudisha linaanza kunyonya kurudi chini, na mdomo wake ukiwa umezama sentimita 5, lita 70 zinashuka. Tangi la chini lisipokuwa na nafasi hiyo, lita hizo ziko kwenye zulia. Wengi wanakimbilia valvu ya kuzuia maji kurudi, lakini konokono mmoja mdogo au kipande cha mwani vinatosha kuifanya isifunge. Toboa tundu dogo kwenye bomba la kurudisha, chini kidogo tu ya uso wa maji: maji yakishuka kidogo tundu linavuta hewa na mnyonyo unakatika. Lisafishe tundu hilo kila mara. Na weka bomba la kushushia la pili, la dharura, la kwanza likiziba.

Namba iliyo kwenye boksi la pampu nayo haina shida, ila imepimwa bila kupandisha maji. Lita 5,000 kwa saa zilizoandikwa, ukizipandisha mita moja na nusu kupitia viwiko vinne, zitakuwa pungufu sana. Tumia viwiko vichache na bomba pana.

Tena, hakuna shaba. Fundi bomba wetu anapenda koki za brasi, ambayo ndani yake ina shaba, na kwa nyumba anafanya vizuri. Kwenye tangi la matumbawe, shaba inayochujuka kwenye chumvi inaua matumbawe, kamba na konokono hata kwa kiwango kidogo. Mabomba, koki na viungo vyote viwe vya plastiki, na dawa za samaki zenye shaba zisiguse tangi hilo kamwe.

"Zege linabeba chochote"

Maji yenye kina cha sentimita 70 yanakandamiza sakafu kwa kilo 700 na ushee katika kila mita ya mraba, kabla hujahesabu vioo, mawe na tangi la chini. Sakafu ya ghorofa ya nyumba ya kuishi kwa kawaida haipigiwi hesabu ya uzito huo. Chumba cha chini kilichojengwa juu ya ardhi ni salama zaidi. Ghorofani muulize mhandisi, siyo fundi.

"Tumbawe ni jiwe, halina maisha"

Inaeleweka kwa nini watu wanasema hivyo: nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe. Lakini tumbawe ni mnyama, au tuseme maelfu ya wanyama wadogo walioshikana, kila mmoja na mdomo wake na mikono yake. Ndani ya nyama zao kuna mwani mdogo sana unaotengeneza sukari kwa mwanga na kuwalisha. Ndiyo maana taa ya kawaida ya sebuleni haitoshi, na ndiyo maana joto likizidi nyuzi moja au mbili juu ya walilozoea kwa muda, wanaufukuza mwani huo na kubaki weupe.

Kuna jambo la kwetu hapa. Watu wanadhani nchi ya joto haihitaji hita. Mwanza iko kama mita 1,140 juu ya usawa wa bahari, na usiku joto hushuka chini ya nyuzi 20 wakati tumbawe linataka 24 hadi 27. Unahitaji hita za usiku na feni ya mchana, zote zikiongozwa na kidhibiti kimoja, la sivyo zinashindana.

"Umeme ukikatika, ni giza tu"

Giza la usiku mzima samaki analijua. Kinachomuua ni kukosa hewa. Maji ya bahari ya nyuzi 25, kwenye usawa wa bahari, yanaweza kushika kama miligramu 6.7 za oksijeni kwa lita, wakati maji ya ziwani yasiyo na chumvi, kwa joto hilo hilo, yangeshika zaidi ya 8. Kwa kimo cha Mwanza hewa ni nyepesi, na kiasi hicho kinapungua kwa karibu asilimia 12 au 13 tena. Kwa hiyo tangi la matumbawe la Mwanza linaanza na akiba ndogo kuliko la Tanga, na pampu ikisimama akiba hiyo inaliwa haraka. Ukiwa na betri moja tu, usiipe taa. Ipe pampu ya kuzungusha maji au ya kupuliza hewa, isiyokula umeme mwingi.

"Matumbawe yapo bure Pwani, mjomba ataniletea"

Mwambie mjomba aache. Hifadhi za bahari zinalindwa kwa sheria ya mwaka 1994, na Mafia ikawa hifadhi ya kwanza mwaka 1995. Matumbawe magumu yako pia kwenye mkataba wa kimataifa wa CITES, kwa hiyo kuyavusha mpaka kunataka kibali. Nunua vipande vilivyokuzwa kwenye matangi, vyenye karatasi zake. Vimeshazoea maisha ya kioo, na havifi ovyo kama vilivyong'olewa mwambani.

"Samaki wa ziwa letu hawana sura"

Hii ndiyo inayoniudhi. Mtu anaagiza samaki kutoka ng'ambo kwa bei ya ng'ombe, na hajui kwamba furu, wale samaki wadogo wa ziwa letu, wanatafutwa na wafugaji Ulaya na Marekani. Yuko mmoja, dume ana mgongo mwekundu wa kuwaka na ubavu wa njano wenye milia myeusi. Mwaka 1985 watafiti wa Kiholanzi waliokuwa wakichunguza furu hapa Mwanza walimpa jina la Mwalimu: *nyererei*. Jenasi yake leo inaitwa *Pundamilia*, Kiswahili kitupu kwenye vitabu vya sayansi.

Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba furu wa aina zinazokaribiana wanatambuana kwa rangi, na maji yakichafuka jike hamtofautishi dume wa kwake na wa jirani, aina zinachanganyika. Kwenye tangi angavu rangi hizo unaziona wazi kuliko sehemu nyingi za ghuba.

Kama ndiyo tangi lako la kwanza kubwa, ningekujengea la furu. Mabomba ni yale yale, tangi la chini ni lile lile, tundu la kukata mnyonyo lipo. Unaondoa skima, ambayo kwenye maji yasiyo na chumvi haifui dafu, unaondoa gharama ya chumvi, na taa kali huihitaji. Weka mawe mengi yenye mapango, madume wachache na majike wengi, maana dume anapigania eneo lake hadi kuua. Jike anaatamia mayai mdomoni, siku hizo usimsumbue kwa chakula. Usiweke aina mbili zinazofanana, watazaa machotara. Na wakishaishi na samaki wa kununua, usiwarudishe ziwani hata ukiwachoka, kwa kuwa wanaweza kupeleka magonjwa. Mpe mfugaji mwingine.