Akili mnemba haimrudishi bibi yako, na dhana nyingine kuhusu picha za kale

"Fundi, ipitishe kwenye akili mnemba itutolee sura yake halisi, halafu iweke rangi zake." Ombi hili silikosi kwa wateja wanaoniletea picha za kale kuzitengeneza, na wengi hukasirika nikikataa.

Sura halisi haitoki, kwa sababu haimo. Uso uliopigwa kwa mbali ukafifia umebaki na vivuli vichache tu: hakuna kope, hakuna mikunjo ya jicho, hakuna ukingo wa mdomo. Programu hujaza pengo hilo kwa kukisia kutokana na nyuso nyingi ilizofunzwa nazo, na unachopewa ni uso wa mtu ambaye hajawahi kuzaliwa. Nimeona chale za mashavuni zikifutwa kana kwamba ni mikwaruzo ya karatasi. Nimeona bibi wa Kimakonde akivuliwa ndonya yake, kile kipambo cha mdomo wa juu, na kubandikwa mdomo wa mtu mwingine. Alama ambayo ingewaonyesha wajukuu walikotoka ndiyo inayoondoka kwanza, nao wanashangilia kwamba picha imekuwa safi!

Rangi ndiyo mbaya zaidi. Mabamba ya mwanzo ya picha, yaani vioo vilivyotumika kabla ya filamu, yalihisi mwanga wa buluu tu, baadaye na kijani, nyekundu hayakuiona. Mabamba na filamu zilizohisi rangi zote zilienea karne ya 20. Ndiyo maana katika picha za miaka ya 1890 anga hutoka nyeupe na kitu chekundu hutoka karibu cheusi. Bendera ya Sultani wa Zanzibar ilikuwa nyekundu tupu, lakini humo utaiona nyeusi. Hata ngozi zetu zilitoka nyeusi kuliko zilivyokuwa. Sasa programu itajuaje kama weusi ule ni wekundu, au ni weusi kweli? Haijui, inapaka tu.

Ukitaka rangi, kamuulize shangazi aliyeliona gauni lenyewe. Kisha andika chini ya nakala kwamba rangi imeongezwa, na ile ya asili usiiguse.

Wapo wanaoamini picha za kale hazikuchakachuliwa kwa kuwa kompyuta hazikuwepo. Watazame ile ya mpiga picha wa Kisovieti Yevgeny Khaldei, bendera ya Kisovieti juu ya Reichstag, jengo la bunge la Ujerumani, Berlin, 2 Mei 1945. Bendera ilikwishapandishwa usiku wa 30 Aprili, bila picha. Khaldei alikuja na bendera yake na kuwapanga askari. Mmoja alikuwa na saa mikono yote miwili, jambo lililoashiria uporaji, basi moja ikakwanguliwa kwenye negativu. Moshi nao ukaongezwa. Berlin ilianguka kweli. Kilichopangwa ni picha.

Maelezo chini ya picha nayo si cheti. Ukiambiwa hii ni Beit el Ajaib, lile jumba la Sultani mjini Zanzibar, kabla ya mizinga ya Waingereza ya 27 Agosti 1896, tafuta mnara. Kabla ya siku hiyo mnara ulisimama peke yake mbele ya jumba. Uliharibiwa, na uliofuata ukajengwa kushikamana na jumba lenyewe. Ukiuona umeshikamana, picha ni ya baadaye, hata kama imeandikwa 1890.

Kwamba wazee walinuna kwa sababu kamera ilichukua dakika nzima: hapana. Kufikia miaka ya 1890, kwenye jua, sekunde moja ilikuwa nyingi. Kupigwa picha ilikuwa shughuli ya heshima, na watu walikaa kiheshima.

Na tafadhali, msilamineti. Joto na gundi vikishaingia kwenye picha havitoki, hata uje kwangu na pesa kiasi gani. Bahasha ya karatasi, mahali pakavu, mbali na jua. Ukiiskani, skani na mgongo wake, maana muhuri wa studio na mwandiko wa marehemu viko huko, na usiitupe ile ya asili ati sasa iko kwenye simu. Majina ya waliomo yaandike nyuma kwa penseli laini, bila kukandamiza, wakati yupo bado wa kukutajia.