Vetus: kivumishi cha Kilatini kinachosingiziwa makosa

Anayeanza Kilatini hukariri mapema bonus, bona, bonum (‘-ema’ kwa jinsia ya kiume, ya kike na isiyo ya kiume wala ya kike), akaamini kwamba -us ni ya kiume daima. Kisha anakutana na Vetus Testamentum, Agano la Kale, na Testamentum si nomino ya kiume wala ya kike. Hapo husema mpiga chapa amekosea, ilipaswa kuwa vetum.

Hakuna kosa. Hiyo -us ni sehemu ya shina lenyewe, haionyeshi jinsia. Vetus ni kivumishi cha kundi la tatu, na katika kiima cha umoja kina umbo moja kwa jinsia zote, kama safi yetu isivyobadilika katika mtu safi na kitabu safi. Ndiyo maana tafsiri za Biblia kwa Kilatini zilizotangulia ile ya Jerome huitwa Vetus Latina, na Latina ni ya kike.

Ila usidhani basi kwamba hakibadiliki popote. Zamani s iliyokaa kati ya irabu mbili iligeuka r, kwa hiyo shina likawa veter-: veterem, veteris, veteres. Hapa huteleza hata waliosoma vizuri. Wamezoea omnis (‘-ote’), wenye omnium na omnia katika wingi, wakaunda veterium na veteria. Maumbo sahihi ni veterum na vetera. Baada ya in (‘ndani ya’), la kawaida ni vetere, ingawa veteri nayo hupatikana, hasa kwa washairi. Dei Verbum, hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano ya mwaka 1965, inasema Novum in Vetere lateret: Jipya lilifichika ndani ya la Kale.

Kuhusu v, wapo wanaoshikilia kwamba matamshi halali ni moja tu. Enzi za Cicero, mwandishi wa Roma ya kale, ilisikika kama w yetu. Kilatini cha Kanisa kinatamka v. Chagua moja ulifuate hadi mwisho wa somo.

Linaloniuma zaidi ni mkazo. Sisi huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, tukasoma ve-TE-ris. Kilatini huuweka hapo ikiwa silabi hiyo ni nzito, yaani ina irabu ndefu au inafungwa na konsonanti. Ikiwa nyepesi, mkazo hurudi nyuma: VE-te-ris, VE-te-rum, VE-te-ra. Veterrimus, yaani cha kale kuliko vyote, kina r mbili zinazoipa uzito silabi ya pili, nayo -ri- ni nyepesi, hivyo husomwa ve-TER-ri-mus, iwe kwa v ya Kanisa au w ya Cicero.