Lami ya getini Arusha: pesa ianzie chini

Kiangazi kikishika, simu yangu inajaa video. Mteja wa Njiro anatuma, wa Moshono anatuma, hata jirani yangu asiye na gari anatuma. Karibu zote ni za Marekani: jamaa kavaa kizibao cha rangi ya chungwa, anapaka dawa nyeusi kwenye njia ya kuingilia nyumbani kwa mtu, na kesho yake njia inang'aa. Swali ni lile lile: "Fundi, hii dawa tunaipata wapi?"

Nyingi ya video hizo zinatoka kwenye majangwa ya nyanda za juu, Nevada na New Mexico, na naelewa kwa nini zinawagusa watu wa huku. Mji wa Reno kule Nevada uko kama mita 1,370 juu ya usawa wa bahari, na Arusha ni kama mita 1,400. Jua kali, vumbi, hewa kavu miezi mingi, usiku wa kuvaa sweta. Mtu anaona kabisa kama ni kwao. Tofauti ni kwamba Reno maji yanaganda. Yanaingia kwenye ufa mchana, usiku yanakuwa barafu, na maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9. Ufa unasukumwa, asubuhi barafu inayeyuka, maji yanashuka chini zaidi, usiku mchezo unaanza upya. Kwa hiyo wenzetu wanapigana vita ya kuziba juu, na wana haki.

Sisi barafu yetu iko kileleni Kibo. Huku chini tuna masika. Reno kwa mwaka mzima hawapati hata milimita 250 za mvua. Arusha mwezi wa Aprili peke yake unaweza kukaribia kiasi hicho. Lami ya nyumbani huku kwetu huanza kufa kutokea chini, na ukiona dalili juu ujue ugonjwa ni wa siku nyingi. Ndiyo maana mteja akianza kuniuliza unene wa lami kabla hajaniuliza habari ya udongo, namrudisha nyuma kidogo.

Lami haibebi gari. Sentimita 5 za lami nzito, ile inayochanganywa na kokoto kiwandani ikiwa moto, kazi yake ni kuzuia maji na kupokea msuguano wa matairi. Mzigo unabebwa na kifusi kilichoshindiliwa na udongo ulio chini yake. Kwa hiyo la kwanza ni kujua umekalia nini. Maeneo mengi ya miteremko ya Meru yana udongo wa majivu ya volkano, mwepesi, ukikauka ni vumbi tupu, ila ukiutia maji ya kiasi na kuushindilia vizuri unakubali. Tatizo ni ule mweusi wa tambarare, unaopasuka kiangazi mpaka kidole kinaingia, na masika unabeba kiatu chako. Ule unavimba na kusinyaa kila mwaka, na hakuna lami itakayoushinda kwa nguvu. Mimi nauchimba na kuutoa, sentimita 30 kwa uchache, na palipo pabaya naenda hadi 60, halafu narudishia moramu nzuri kwa matabaka. Chokaa nayo inatuliza udongo wa aina hiyo, lakini kuichanganya sawasawa kwenye uwanja mdogo wa nyumbani ni shida, kuchimba ni rahisi zaidi.

Kwenye moramu napo kuna ujanja. Tipa nyingi zinaleta yale mawe mepesi ya volkano yenye matundu, mekundu au meusi. Ni rahisi, yanapendeza, na yanapitisha maji. Lakini yakiwa peke yake karibu na juu yanasagika chini ya tairi, na baada ya muda unajikuta na unga. Nayakubali kwenye tabaka la chini. La juu, sentimita 15 za mwisho, nataka kokoto ngumu za kusagwa zenye mchanganyiko wa saizi, kubwa mpaka vumbi lake, zijazane pasibaki nafasi.

Kushindilia ndiko kunakoibiwa zaidi, kwa sababu kesho yake hakuna anayekuona. Moramu ikiwa kavu mno rola inapita juu tu. Ikilowa mno inakuwa uji. Chota kiganjani, fumba kwa nguvu, fumbua. Ikishika umbo na ukiibonyeza ikavunjika vipande viwili vitatu, mwambie kijana wa rola aanze. Ikibomoka yote, ongeza maji. Ikikuachia unyevu mkononi, ngojeni ikauke, mnywe chai. Na usikubali tabaka la zaidi ya sentimita 15 kwa mkupuo, maana kompakta ya kusukuma haifiki chini.

Kabla sijaruhusu lami, naomba tipa iliyojaa kokoto ipite polepole juu ya msingi, nami natembea pembeni yake nimeinama, macho kwenye ukingo wa tairi la nyuma. Msingi mzuri haufanyi chochote. Msingi mbaya unanesa: mbele ya tairi ardhi inapanda kidogo, chini inazama, nyuma inarudi taratibu, na wakati mwingine unaona nyufa nyembamba zikifunguka na kujifunga. Pale napiga alama ya chokaa, panachimbwa. Mama mmoja, mteja wangu, alisimama barazani akaniona nimeinama hivyo, akasema, "Mwanangu, umeangusha kitu?" Nikamwita aje aone. Aliponyoosha mgongo akasema, "Kumbe hapa ndipo gari ya mume wangu inapozama kila mwaka." Palikuwa na shimo la zamani la takataka lililofukiwa, na hakuna aliyekumbuka kunitajia.

Halafu maji. Chukua njia ya mita 20 kwa 4, yaani mita za mraba 80. Mvua ya milimita 50, ambayo masika haimshangazi mtu, inakumwagia hapo lita 4,000. Bati la nyumba ya mita za mraba 150 linaleta lita nyingine 7,500, na nimeona nyumba nyingi nzuri ambazo bomba la gata linaishia hasa kwenye ukingo wa lami. Hapo unakuwa umejenga kisima. Nataka mwinamo wa sentimita 2 kwa kila mita, kuelekea upande mmoja ulio na mfereji. Kwa njia ya mita 4 ni tofauti ya sentimita 8 kati ya kingo. Mpira wa maji wa mafundi unatosha kupima, huhitaji mashine. Kingo zote zifungwe kwa kabustoni, yale mawe ya ukingo, zilizokaa kwenye zege, maana lami isiyo na kingo inamomonyoka kuanzia pembeni, na watu wa huku wanapenda kupitisha tairi palepale.

Kuhusu lami yenyewe sitasema mengi. Lami nyepesi, ile ya kumwagia na kutandaza kokoto juu yake, inafaa kwa njia ndefu ya shambani. Kwa nyumba ambako magari yanageuzwa mahali pamoja, kokoto zinang'oka. Lami nzito ni bora hapo, lakini ina sharti la joto. Inatoka kiwandani ikiwa nyuzi 150 na kitu, na ushindiliaji uwe umekwisha kabla haijashuka kwenye 80 hivi. Kwa tabaka la sentimita 5, asubuhi ya Julai yenye upepo wa Meru, una robo saa hadi nusu saa. Ndiyo maana kipindi cha baridi siitandazi kabla ya saa nne asubuhi, na kama naweza kuchagua nachagua Januari, Februari au Septemba. Kwa Moshi, ambako ni chini na joto ni kali zaidi, sishughuliki sana na ubaridi. Pale nasisitiza lami ya daraja la 60/70, isiwe laini zaidi. Namba hizo zinatokana na sindano: ikibebeshwa gramu 100 kwa sekunde 5, lami ikiwa nyuzi 25, inazama milimita 6 hadi 7, yaani 60 hadi 70 ukihesabu kwa sehemu za kumi za milimita.

Hesabu ya kukusaidia usidanganywe: mita za mraba 80 kwa sentimita 5 ni mita za ujazo 4, na lami iliyoshindiliwa ina uzito wa tani 2.3 hadi 2.4 kwa kila mita ya ujazo. Unahitaji tani 9 na ushee. Akija mtu na tani 5 akasema zinatosha, anakutandazia sentimita chini ya 3.

Na kuna wale wa saa kumi jioni. Wanagonga geti: "Bosi, lami imebaki kwenye mradi, tukupe kwa bei ya kutupa." Lami hiyo imezunguka kwenye tipa tangu asubuhi. Ukiipindua na koleo inatoka kwa mabonge, haina moshi, rangi imefifia. Hata ungeishindilia mpaka usiku, itabaki na matundu, na matundu ni mlango wa maji. Mtu aliyewahi kuniita nikatazame kazi ya namna hiyo alikuwa na majani yanayoota katikati ya njia kabla vuli haijaisha.

Sasa ile dawa ya kwenye video. Hapo ndipo watu wa nyanda za juu tunafanana kweli, kwa sababu ya jua. Mionzi yake mikali huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, na Arusha ipo nyuzi 3 na kitu tu kusini mwa Ikweta, jua linatupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Jua na hewa vinaikausha lami: mafuta yake yanapungua, inakuwa ngumu, nyeusi inageuka kijivu, na punje za mchanga zinaanza kujikusanya kwenye kingo ukifagia. Zikianza kuonekana, ndio wakati wa kupaka, si kabla. Lami mpya iache mwaka mzima kwanza.

Kinachofaa huku ni emalsheni, lami iliyochanganywa na maji inayouzwa kwa mapipa. Ninaiongeza maji kiasi kilekile, nusu kwa nusu, na kunyunyiza kama nusu lita kwa mita ya mraba. Ikimwagika ni ya kahawia, rangi ya chai ya maziwa. Unasimama unaitazama na baada ya muda inaanza kuwa nyeusi kuanzia pembezoni na kwenye sehemu zilizoinuka. Kama haijawa nyeusi yote, usikanyage. Nyunyiza mchanga mwembamba juu isiteleze. Kila miaka mitatu hadi mitano inatosha. Anayepaka kila mwaka anajenga ganda litakalobanduka. Baadhi ya dawa za Marekani zina lami ya makaa ya mawe, na dawa za aina hiyo mji wa Austin, Texas, ulizipiga marufuku tangu 2006, kwa hiyo usihangaike kuagiza. Na oili chafu ya gari, tafadhali, hapana. Inaipa lami weusi wa wiki mbili huku ikiiyeyusha.

Ufa unaopitisha ukingo wa sarafu ya shilingi mia mbili, usafishe mpaka vumbi liishe, ujaze lami ya moto na mchanga kabla ya Machi. Ukikuta mtandao wa nyufa ndogondogo zilizoungana, ngozi ya mamba, weka brashi chini. Hapo msingi umeshalowa. Kata mraba mpaka ufike penye uzima, toa, shindilia upya, paka emalsheni kwenye kuta za shimo, kisha ndio ujaze.

Adui wa mwisho anaingia getini mwenyewe akilipwa: boza la maji. Majaribio makubwa ya barabara ya Ottawa, Illinois, ya 1958 hadi 1960 yaliwapa wahandisi kanuni wanayoitumia hadi leo, kwamba uharibifu unapanda kwa takriban nguvu ya nne ya uzito wa ekseli. Ekseli ya boza ya tani 7 dhidi ya ya gari dogo ya tani 1 ni kama mara 2,400 kwa kupita mara moja. Kama nyumba yako inategemea boza, weka bomba la kujazia ukutani, karibu na barabara, ili boza lisiingie ndani kabisa. Wenye magari ya safari nao wasikate usukani gari likiwa limesimama, na jeki iwekewe ubao.

Njia ikiwa fupi, chini ya mita 15 hivi, mara nyingi nashauri pevingi, vile vitofali vya kupanga, badala ya lami. Tipa nzima ya lami ya moto kwa eneo dogo hivyo haina hesabu, na mzizi wa jakaranda ukiinua vitofali unaving'oa, unakata mzizi, unavirudisha.

Geti likifungukia barabara ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, pita ofisini kwao kabla ya kugusa mtaro. Wengi wanaweka kwenye mtaro bomba la kipenyo cha milimita 300 na kulifukia, na majani pamoja na chupa za plastiki vinaliziba mvua ya kwanza, maji yanarudi kwenye msingi wako. Mimi naweka la 600, na ncha zake mbili naziacha wazi kiasi cha koleo kuingia.