Kupunguzwa kazi si kufukuzwa

Juzi nilikuwa steshenari moja hapa Makole, Dodoma, nasubiri zamu yangu ya kuchapisha. Mbele yangu kijana alikuwa anamwelekeza dada wa kompyuta: "Hiyo futa. Na hiyo nayo futa." Kumbe anafuta kazi zake mwenyewe. Miezi minane ya utunza stoo kwenye ujenzi wa reli ya kisasa, kipande cha Morogoro hadi Makutupora. Ukarani wa sensa ya 2022. Mwaka na nusu kwenye mradi wa afya uliofungwa. Alipomaliza, wasifu ulibaki wa mtu aliyehitimu chuo 2020 kisha akakaa kwao tu.

Tatizo linaanzia kwenye neno. Mtaani tukisema "fulani kaachishwa kazi" tunawaweka kapu moja aliyeiba dizeli, aliyegombana na bosi, na yule ambaye kazi yenyewe imekwisha. Sheria haiwachanganyi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 38, inahusu kupunguza wafanyakazi kwa sababu za uendeshaji: fedha zimepungua, mitambo imebadilika, shughuli zimepangwa upya. Mwajiri anatakiwa atoe taarifa mapema ya kusudio lake, aeleze sababu, ashauriane na wafanyakazi au chama chao nani apunguzwe na kwa kigezo gani. Kosa la mfanyakazi halimo humo kabisa. Ndiyo maana aliyepunguzwa akiwa ametumikia angalau miezi 12 mfululizo anapata kiinua mgongo: mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka aliokamilisha, mwisho miaka 10. Aliyefukuzwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hapati.

Mkataba wa muda maalumu ukifika tarehe yake, hapo hata kupunguzwa hakuna. Umeisha, basi.

Sasa kwenye maombi unaandikaje? Kwa sentensi moja. Kwa mfano: "Mradi ulifungwa mapema 2025 baada ya ufadhili wa Marekani kusitishwa." Ile Januari misaada iliposimamishwa, miradi mingi nchini iliguswa, na msaili anayejua mambo hatahitaji maelezo zaidi. Kinachowaponza wengi ni kuendelea: mshahara wa miezi miwili haukutoka, meneja alibakiza ndugu zake. Inawezekana ni kweli yote, ila ukiyamwaga kwenye usaili, wanaokusikiliza wanaanza kujiuliza siku ukiondoka kwao utawasemaje.

Zile kazi fupifupi ziweke chini ya kichwa kimoja, "Kazi za muda, 2021–2022", kila moja na miezi yake halisi. Usiirefushe. Kifungu cha 44 cha sheria ile ile kinamtaka mwajiri akupe cheti cha utumishi unapoondoka, na ukikiambatisha tarehe zikapishana na ulichoandika, umejikamatisha mwenyewe. Kisha sema ulichofanya. "Mtunza stoo" peke yake haisemi kitu. "Nilipokea na kutoa saruji na nondo, nikifunga hesabu ya stoo kila jioni" inamwonyesha msomaji mtu kazini. Kibarua cha siku mbili cha kushusha magunia sokoni Majengo kiache, isipokuwa unaomba kazi ya ghala. Ukarani wa sensa mimi ningeuweka bila kusita, maana uliomba, ukachaguliwa, ukafundishwa, ukabisha hodi kwa watu usiowajua.

Na wadhamini watatu wanaotakiwa kwenye matangazo ya kazi, wapigie kabla hujawaandika. Msimamizi wa mradi uliofungwa huenda naye amebadili namba.

Haya niliyamwambia yule kijana kwa kifupi, umri ukiniruhusu kuingilia. Akanitazama, akageuka kwa dada. "Umeshasevu?"

"Bado, kaka."

"Basi rudisha zote. Anza na ya stoo."